Karakana Yetu: Wasomaji Wauliza Kuhusu Kukata Mdomo wa Bomba

Barua za safari hii zimetoka Mbeya, Mafinga, Iringa, Makambako na Tukuyu, na karibu zote zinazunguka jambo moja: namna ya kukata ncha ya bomba la duara ili ikae sawasawa juu ya mgongo wa bomba jingine kabla ya kuchomelewa. Ili tuelewane, bomba linalopokea nitaliita bomba mama, na lile linalokuja kuungwa nitaliita tawi. Ncha ya tawi iliyokatwa kwa mviringo ni mdomo. Sehemu mbili zinazochomoza na kukumbatia bomba mama ni masikio. Na sehemu iliyozama katikati ya masikio ni koo.

Mimi hutengeneza fremu za guta na keria za pikipiki. Hukata ncha za bomba wima kwa grainda, kisha hujaza mwanya kwa vipande vya nondo nyembamba na kuchomelea juu yake. Wateja wawili wamerudi na fremu zilizopasuka, si kwenye mshono bali pembeni mwake. Nimeshauriwa kununua mashine ya kukatia midomo. Je, ninunue ipi? — Fundi wa Mwanjelwa, Mbeya

Ndugu fundi, tuahirishe kwanza habari ya kununua, kwa sababu ufa unaotokea pembeni mwa mshono unaeleza jambo ambalo mashine peke yake haitalitibu. Bomba lililokatwa wima likikalishwa juu ya mgongo wa bomba lenye ukubwa uleule hugusa mahali pawili tu, na pande zote mbili hubaki mwanya unaozidi sentimita moja. Kuujaza mwanya huo kunakulazimu kupita na moto mara tatu au nne mahali palepale, ilhali ukuta wa bomba una milimita 1.5 au 2 tu. Chuma kilicho jirani na mshono huiva kupita kiasi, na kila tone unaloliongeza hunywea linapopoa na kuivuta ngozi ya bomba mama. Mvuto huo haupotei kwa kupakwa rangi. Guta linapopakia magunia ya viazi na kuanza kuuteremka mlima wa Iwambi kwenda Mbalizi, kila shimo la barabara huongeza mzigo wake juu ya mvuto uliokuwamo tangu karakanani, na bomba hupasuka pale lilipopikwa.

Vile vipande vya nondo navyo vina ubaya wao. Chini yake hubaki uchafu wa elektrodi ambao moto haukuufikia, hivyo mshono ulio mnene kwa nje huwa na pango kwa ndani. Nakiri kwamba mwaka wangu wa kwanza wa kazi nilitengeneza keria kwa namna hiyohiyo, nikaisugua ikang'aa, nikaisifia mbele ya mwenye pikipiki. Ilirudi baada ya wiki tatu ikiwa imefungwa kwa mpira wa tairi la baiskeli, na nilipoikata kiungo kile kwa msumeno nikakuta nondo yangu ikicheza ndani kama jino bovu.

Lengo lako basi liwe mwanya usiozidi milimita 1 kuzunguka mdomo mzima. Pima kwa kipande cha bati chenye unene wa milimita 1: kikipita kwa shida, uko salama, kikipita kwa ulegevu, rudi kwenye tupa. Kiungo kilichokaa hivyo kwenye bomba la milimita 2 hushonwa kwa elektrodi ya milimita 2.5 kwa mzunguko mmoja, tena kwa vipande vinavyopishana pande ili joto lisikusanyike upande mmoja.

Ukifika huko utaona kwamba zana unazo tayari. Grainda ndogo yenye diski nyembamba ya kukatia, diski ya msasa ya kumalizia na tupa ya nusu duara zinatosha kukata mdomo mzuri, mradi umechora mstari kwanza badala ya kukisia kwa jicho. Kama una msumeno wa umeme wa kukatia chuma unaogeuza nyuzi, kuna njia ya mkato kwa viungo vya wima, yaani tawi likisimama nyuzi 90 juu ya bomba mama, vya mabomba yaliyo sawa. Kata pembe ya ncha upande mmoja kwa nyuzi 30, ligeuze bomba nusu mzunguko, kata pembe ya pili vilevile, na uache katikati bapa la milimita 6 hivi lisilokatwa. Bapa hilo ndilo linalofanya masikio. Kwa bomba la nje ya milimita 38 na ukuta wa milimita 2, utabakiwa na kiasi cha milimita 1 hivi cha kusugua kooni, kisha mdomo unakaa. Watu huiga njia hii kwa nyuzi 45 bila kuacha bapa, wakapata ncha kali inayoyeyuka moto unapoigusa tu.

Ama kuhusu mashine, zipo za aina nyingi. Ile ya mkono wenye wenzo, inayouma bomba kwa meno mawili ya chuma kigumu, ni ya haraka sana, lakini kila seti ya meno ni ya ukubwa mmoja wa bomba, nayo hupenda viungo vya wima. Inamfaa mtu anayetengeneza viti mia vinavyofanana. Ile ya mkanda wa msasa unaozunguka juu ya rola yenye kipenyo cha bomba mama hutoa mdomo laini kuliko zote na huweza nyuzi zozote, ila ni mashine ya kiwanda na hula mikanda. Mitambo ya kukata kwa plazma inayoongozwa na kompyuta tuiachie wanaokata mabomba kwa mamia. Kwa guta, ambalo viungo vyake vina nyuzi tofautitofauti, ningekushauri uanze na grainda na kiolezo cha karatasi, ambacho nakieleza chini katika jibu la mwanafunzi wa Iringa, kisha fedha ikipatikana ununue au ujitengenezee kishikio cha msumeno wa kikombe, yaani msumeno wa duara wa kutobolea.

Neno moja juu ya grainda yako, kwa kuwa nimeona kwenye karakana nyingi za Mwanjelwa jambo linalonitisha. Grainda ndogo ya diski ya milimita 115 huzunguka mara 11,000 hivi kwa dakika. Diski kubwa ya milimita 230 imeandikwa usoni kwamba mwisho wake ni mizunguko 6,600. Fundi anayevua kinga ili aipachike diski kubwa kwenye mashine ndogo anaizungusha zaidi ya mara moja na nusu ya uwezo wake, na diski ikipasuka vipande huruka kuelekea usoni na tumboni. Angalia pia tarehe iliyogongwa kwenye pete ya chuma iliyo katikati ya diski, kwani gundi inayoshikilia punje zake huzeeka hata ikikaa kabatini.

Nina msumeno wa kutobolea wenye umbo la kikombe na drili ya kusimama. Kila nikikata mdomo wa tatu au wa nne, meno yanavunjika. Muuza duka anasema msumeno ni feki. Je, ni kweli? — Fundi wa mashine za mbao, Mafinga

Yawezekana ni kweli, lakini kabla ya kugombana na muuza duka, tazama mambo matatu.

La kwanza ni mwendo. Msumeno wa kikombe wa milimita 38 unapokata chuma cha kawaida unataka mizunguko kama 230 kwa dakika, mwendo ambao unaweza kuyaona meno yakipita. Drili nyingi za kusimama huuzwa mkanda ukiwa kwenye puli ya mwendo wa kati, na wengi wetu hatuufungui mfuniko wa juu mpaka mkanda ukatike. Ufungue leo, uhamishie mkanda kwenye puli ya polepole kuliko zote, na utone mafuta ya kukatia wakati wa kazi. Chembe zinazotoka ziwe ndefu kidogo na zenye rangi ya chuma. Zikitoka za bluu na moshi, meno yanaungua.

La pili ni namna meno yanavyoingia. Kwenye ubao uso wote wa kikombe hugusa kwa pamoja, lakini kwenye mgongo wa bomba meno mawili au matatu hutangulia na kubeba mzigo wote, na kama ncha ya bomba iko wazi, jino hunasa kwenye ukingo na kukatika. Dawa yake ni rahisi: usikate nchani. Fungia bomba refu kwenye jiliwa na upitishe msumeno katikati ya urefu, ukilitenganisha bomba vipande viwili. Msumeno utakuwa umeshikwa pande zote, na kila kipande kitatoka na mdomo wake. Utapoteza kibonge kimoja kidogo, ambacho ni rahisi kuliko jino.

La tatu ni uthabiti wa shina. Keekee ndogo inayokaa katikati ya kikombe hutoboa vizuri upande wa juu wa bomba, kisha hulipanua tundu lake na kuanza kuyumba kabla ya kufika upande wa chini. Vishikio vilivyotengenezwa kwa kazi hii haviitegemei kabisa: shina nene hupita ndani ya bushi ndefu iliyofungwa imara, na kikombe hufuata bushi. Fundi anayejua kutumia leith, mashine ya kuchongea vyuma, anaweza kukuchongea bushi hiyo kwa nusu siku. Hakikisha tu kwamba mstari wa katikati wa bushi unakatana na mstari wa katikati wa bomba. Ukikosea kwa milimita 2, sikio moja litakuwa refu kuliko jingine na tawi litasimama limeinama.

Kwa kuwa uko Mafinga na umesema karakana yako iko ndani ya uwanja wa mbao, nashauri kazi ya kukata kwa msumeno wa kikombe uipendelee kuliko grainda, kwa sababu haitoi cheche. Cheche ya grainda huweza kuruka mita 10 na kujificha ndani ya unga wa mbao bila kuonyesha moshi. Siku ambayo grainda haina budi, itumie nje, mwagia maji eneo hilo, na ukae ukiangalia kwa nusu saa kwa uchache baada ya kuzima mashine. Mfunge kazi saa 10 jioni badala ya saa 11, na muda uliobaki uwe wa kuangalia.

Shikamoo mwalimu. Nasoma ufundi wa kuunga vyuma hapa Iringa. Tumefundishwa kuchora mdomo kwa bikari na penseli kwenye karatasi kubwa, na inachukua kipindi kizima. Kuna njia ya kuhesabu tu? — Mwanafunzi, Iringa

Marahaba mwanangu. Njia ya mchoro usiidharau, maana inakuonyesha kwa nini mdomo una umbo hilo. Hesabu ipo, na inaenda kwenye kikokotoo chochote cha simu.

Tuchukue kiungo cha wima, mabomba yote mawili yakiwa ya milimita 38.1 kwa nje, yaani inchi moja na nusu, na ukuta wa milimita 2. Nusu kipenyo cha nje cha bomba mama ni 19.05. Nusu kipenyo cha ndani cha tawi ni 17.05. Tunatumia cha ndani kwa tawi kwa sababu grainda hukata ukuta moja kwa moja, na kinachotangulia kugusa mgongo wa bomba mama ni ukingo wa ndani. Upande wa nje hubaki mfereji mdogo, na huo ndio unaopokea mshono. Wanaotumia kipenyo cha nje hupata masikio marefu mno yanayozuia koo kugusa, kisha wakalaumu hesabu.

Kwa kila nukta kwenye mzingo wa tawi, zidisha 17.05 kwa saini (kitufe cha sin kwenye kikokotoo) ya pembe ya nukta hiyo, ukianza na sifuri kooni na kufika nyuzi 90 sikioni. Jibu lizidishe kwa lenyewe, litoe kwenye 19.05 iliyozidishwa kwa yenyewe, tafuta kipeuo cha pili, kisha kitoe kwenye 19.05. Utakachopata ni kiasi ambacho nukta hiyo inashuka chini ya koo. Kwa nyuzi 0, 30, 60 na 90 utapata 0, milimita 2, milimita 7 na milimita 10.5.

Sasa kuna bahati nzuri ambayo fundi wa bomba la inchi moja na nusu anapaswa kuishukuru. Mzingo wake ni milimita 119.7, kwa hiyo ukiugawa mara 12 kila sehemu ni takriban sentimita 1 kamili. Kwenye karatasi tunapima kutoka sikioni, kwa hiyo toa kila jibu la juu kwenye 10.5. Chukua karatasi ngumu yenye ukingo ulionyooka, chora mistari 13 ya wima iliyoachana sentimita 1, wa mwisho ukikutana na wa kwanza karatasi ikizungushwa, na kutoka kwenye ukingo huo pima kwenda ndani kwa mfuatano huu: 0, 3.5, 8.5, 10.5, 8.5, 3.5, 0, kisha rudia tena 3.5, 8.5, 10.5, 8.5, 3.5 mpaka unarudi kwenye sifuri. Sifuri mbili ni masikio, na 10.5 mbili ni makoo. Unganisha nukta kwa mkono mwepesi, kata kwa mkasi, zungushia bomba ukingo wa karatasi ukilingana na ncha, na uchore kwa chaki ya mafundi au rangi ya kupuliza. Kiolezo kikikubali, kihamishie kwenye bati jembamba ukitundike ukutani pamoja na ukubwa wake. Karatasi huungua siku ya kwanza.

Nilinunua msumeno wa kikombe wa milimita 38 kwa ajili ya bomba la maji la inchi moja na nusu, la mabati, ninalotengenezea fremu za vitalu vya miche ya parachichi. Midomo yote ni midogo. Pia, je, ni kweli kwamba maziwa huzuia ugonjwa wa moshi wa mabomba haya? — Msomaji wa Makambako

Pole sana, kosa hili si lako peke yako, ni la lugha ya dukani. Bomba la fanicha la inchi moja na nusu limepimwa nje, kwa hiyo ni milimita 38.1 kweli. Bomba la maji la inchi moja na nusu limepewa jina kwa kukadiria tundu lake la ndani, na kwa nje lina milimita 48.3. La inchi moja lina 33.7, la inchi mbili lina 60.3. Mdomo siku zote hufuata nje ya bomba mama, hivyo msumeno unaokufaa ni wa milimita 48. Nenda dukani na kalipa, kifaa cha kupimia kipenyo, uache kutaja inchi.

Kuhusu maziwa, jibu ni hapana. Zinki iliyopakwa kwenye bomba huchemka kwenye nyuzi 907 za Selsiasi, ilhali chuma huyeyuka karibu na 1,500, kwa hiyo kabla chuma hakijaungana zinki imeshageuka moshi mweupe. Moshi huo huingia mapafuni, na maziwa huenda tumboni. Saa chache baadaye mtu hupata baridi, homa, kikohozi na maumivu ya viungo, na wengi hudhani ni malaria. Kwa kawaida hali hiyo hupoa ndani ya siku moja au mbili, lakini anayebanwa na kifua au kushindwa kupumua aende hospitali akieleza kazi aliyokuwa akiifanya. Kinga yake ni kusugua zinki yote mdomoni na kwenye bomba mama, sentimita 2 hadi 3 kila upande wa kiungo, kuvaa barakoa yenye chujio la moshi wa chuma, na kuchomelea nje huku upepo ukitokea ubavuni mwako. Makambako mnajaliwa upepo mwingi, utumieni. Sehemu iliyosuguliwa ipakwe rangi ya zinki baadaye, la sivyo kutu itaanzia hapo.

Nikikata midomo miwili, mmoja kila ncha ya tawi, bomba hutoka fupi au midomo haiangaliani. Nifanyeje? — Fundi wa mageti, Tukuyu

Pima katikati hadi katikati ya mabomba mama mawili. Tuseme ni milimita 1,200. Ondoa kipenyo kimoja cha nje, 38.1, upate karibu 1,162, ambao ni umbali wa koo hadi koo. Ongeza masikio ya pande zote mbili, 10.5 mara mbili, na ukate tawi likiwa na milimita 1,183 kabla ya kugusa mdomo wowote.

Ili midomo iangaliane, laza kipande cha chuma cha pembe juu ya bomba kama tandiko. Kitatulia chenyewe sambamba na urefu wake, nawe uchore mstari mmoja kwa ukingo wake kutoka ncha hadi ncha. Sikio la kwanza la kila kiolezo liwekwe juu ya mstari huo. Mshono wa kiwandani unaopita ndani ya bomba unaweza kutumika vilevile, ila hapo weka koo juu yake badala ya sikio, ili mshono ukae mbali na masikio.

Na kwa kuwa mvua za Tukuyu hazihitaji kuelezwa, toboa tundu la milimita 5 upande wa chini wa kila tawi la chini la geti kabla ya kupaka rangi. Maji yatapenya popote mshono ulipoacha nafasi ya sindano, na yakikosa pa kutokea yataozesha bomba kuanzia ndani huku rangi ya nje ikiwa bado mpya.